Mwiko Uliooshwa Asubuhi

Koplo Lugembe alipanda jukwaa la mafundi akitukana kimoyomoyo, maana mirunda ilikuwa ikilia kila alipohamisha mguu, na mtu wa mwisho kupanda hapo alikuwa kaburini tangu jana.

"Umefika?" Inspekta Soud Muhanna aliuliza kutoka chini.

"Nimefika, Afande."

"Usiguse kitu. Niambie unaona nini."

"Mwiko mmoja. Kibao cha kuwekea udongo. Viatu vya matairi, jozi moja."

"Viatu vimekaaje?"

Lugembe aliinama. "Vimepangwa, Afande. Kama vya mtu aliyeingia msikitini."

"Na mwiko, una udongo?"

"Hauna hata chembe. Umeoshwa."

"Kibao je?"

"Nacho kimeoshwa."

Soud aliandika yote hayo kwenye daftari lake, kisha akaweka mstari chini ya neno "umeoshwa".

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Juni, mwaka 1974, katika kijiji cha ujamaa cha Mapambano, maili nne kutoka stesheni ya Usoke. Ghala la tumbaku lililokuwa likijengwa hapo lilipaswa kuzinduliwa siku ya Saba Saba na mgeni mkubwa ambaye hakuna aliyekuwa na uhakika ni nani, lakini kila mtu alikuwa na uhakika kwamba ni mkubwa. Zilibaki siku kumi na tano. Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, Fundi Anton, Mgogo wa miaka arobaini na mitatu, alianguka kutoka juu ya ukuta wa magharibi akavunjika shingo. Ujumbe uliofika Tabora ulisema ameuawa na kwamba muuaji amekwisha kamatwa. Mkubwa wa Soud aliusoma, akamtupia ng'ambo ya meza. "Nenda kamchukue huyo mtu," alisema. "Usinikalie huko wiki nzima."

Ujumbe ule aliuandika msimamizi wa ujenzi, Ndugu Dionis, ambaye sasa alikuwa amesimama ubavuni mwa Soud, ndani ya suti yake ya Kaunda, ramani ya ghala ikiwa kwapani. Alikuwa na miaka kama thelathini na miwili, na kila baada ya muda alikuwa akitoa chupa ndogo ya dawa ya tumbo mfukoni na kupiga funda moja.

"Ndugu Inspekta, hayo ya viatu sioni yanatufikisha wapi," alisema. "Mtu tunaye. Ushahidi tunao."

"Hebu nirudie."

"Luhende ndiye aliyekuwa saidia fundi wake. Jumatano jioni, mbele ya watu, alimwambia marehemu, 'Mgogo wewe, nitakuzika.' Alhamisi asubuhi marehemu yuko chini, amekufa. Mchana mgambo wanafungua mkoba wa Luhende, wanakuta timazi ya marehemu, ile ya kunyooshea ukuta. Fundi hamwachii mtu timazi yake. Ni kama wewe na bastola yako."

Soud hakuwa na bastola. Kuelezana hayo hakukuwa na faida, kwa hiyo alitembea hadi kwenye ngazi. Pale chini palikuwa na karai limejaa udongo wa saruji. Aliugonga kwa kiatu. Ulikuwa umeganda ukawa jiwe, nao ulijaa hadi ukingoni, juu pako sawasawa, hapana mahali palipochotwa.

"Karai la nani?"

"La Luhende."

"Nani kaliweka hapa?"

"Lilikuwa hapo hapo siku ile. Nilikataza kitu chochote kisiguswe," Dionis alijibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapata raha kidogo.

"Umefanya vizuri sana. Fundi alikuwa juu hana udongo. Saidia fundi alikuwa chini na karai limejaa."

"Aliweza kupanda bila karai."

"Aliweza," Soud alikubali. Hakuwa mtu wa kushindana na jambo linalowezekana.

Alitoa bahasha ya karatasi ya kaki, akaitoa timazi: kipande kizito cha shaba, na uzi wake umezungushwa kwenye kipande cha ubao. Alimrushia Lugembe, akamwambia aiteremshe kutoka kozi ya juu kabisa ya matofali, aishike isitikisike. Lugembe aliiteremsha. Timazi ilicheza, ikatulia. Soud aliushika ukuta kwa kiganja, akaanza kuhesabu kozi kutoka juu. Halafu alirudi nyuma hatua tano, akatazama kwa jicho moja, akarudi tena.

Kozi thelathini na nne za chini zilikuwa zimenyooka kama zilivyotakiwa. Nane za juu zilikuwa zikitoka nje kidogo kidogo, na ile ya mwisho ilikuwa imetoka vidole vitatu.

"Ndugu Dionis, Fundi Anton alikuwa akijenga kozi ngapi kwa siku?"

"Alikuwa akijenga tatu, nne. Uvivu. Nikamwekea lengo la sita."

"Analitimiza?"

"Siku za mwisho, ndiyo."

"Jumatano sita. Jumanne mchana mbili. Jumla nane," Soud alisema. "Basi timazi hii ilimtoka mikononi Jumanne mchana. Alhamisi asubuhi hakuwa nayo, na hakuna mtu aliyemwua ili aipate."

Dionis alifikiri haraka, maana akili hakukosa. "Aliibiwa Jumanne. Alhamisi akaidai, ndipo akasukumwa."

"Hilo nalo linawezekana. Pima maji mnayo?"

"Ipo ofisini kwangu."

"Toka hapa mpaka ofisini ni hatua ngapi?"

"Ishirini. Ishirini na tano."

"Jumanne alikuja kuiomba?"

"Hakuja."

"Jumatano?"

"Hakuja."

Soud aliifunga timazi kwenye karatasi yake. Fundi aliyejenga miaka ishirini, amenyang'anywa kitu ambacho bila hicho hajengi, na pima maji iko hatua ishirini na tano; naye anapandisha kozi nane kwa macho matupu, anauona ukuta unapinda, anaendelea. Jambo hilo lilimsumbua kuliko kifo chenyewe. Watu huanguka majukwaani kila mwaka. Hakuwahi kusikia fundi wa sifa aliyejenga upogo kwa kupenda.

* * *

Mpishi wa kambi aliitwa Getruda, mama wa miaka hamsini na kitu kutoka Lusu. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, nyuma ya ghala, na hakusimama alipomwona polisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa kina Muhanna wa pale Tabora mjini? Umefanana nao pua."

"Ndiyo mimi."

"Kaa basi. Kuna gogo hapo."

Soud alikaa. "Mama, nieleze habari za Jumanne. Timazi ya Fundi Anton."

Getruda aliendelea na maharage yake. "Nani amekwambia kuna habari ya Jumanne?"

"Ukuta."

Mama yule alimtazama, akauweka ungo chini. "Sisi tuliambiwa tuseme tulichokiona Alhamisi. Alhamisi mimi sikuona kitu, nilikuwa napika uji. Hiyo ya Jumanne hakuna aliyeuliza."

"Mimi nauliza."

"Luhende ni mtani wake. Mnyamwezi na Mgogo, si unajua mambo yao? Babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani walipita Ugogo, na Wagogo wakawatoza hongo ya maji. Hata babu yako wewe alitozwa, usicheke. Sasa Jumanne, saa ya uji wa mchana, Luhende akaichomoa ile timazi kiunoni kwa Anton, akaruka nayo juu ya meza. Akasema, 'Hii narudisha hongo ya babu yangu! Mgogo, ukitaka kitu chako leta jogoo!' Watu tukacheka mpaka machozi. Kambi hii haikuwa imecheka tangu Mei."

"Na Anton?"

"Hapo ndipo." Getruda alifuta mikono kwenye kanga. "Mtani wako akikunyang'anya kitu, unakikomboa. Unamtukana kwanza, unamfukuza, halafu jioni unaleta jogoo au kibuyu cha pombe, mnakula wote. Mara ngapi wamefanya hivyo! Mwezi wa tatu Anton alimnyang'anya Luhende kofia, kofia ikakombolewa kwa kuku. Safari hii hakumtukana. Hakumfukuza. Alisema, 'Kaa nayo,' akarudi kwenye ukuta."

"Hakuna aliyeshangaa?"

"Tulidhani ni utani mpya," alisema, na sauti yake ikapungua. "Utani wa kununa."

Soud aliuliza kwa nini kambi haikucheka tangu Mei.

Getruda alimweleza bila kupamba. Mwezi wa Mei ilikuja barua kwamba ghala liwe tayari Saba Saba badala ya Desemba. Tangu siku hiyo kipande cha reli kiligongwa saa kumi alfajiri na Jumapili ikafutwa. Mlango ulihamishwa mara tatu, maana kila mkubwa aliyepita alikuwa na wazo lake. Mara mbili Anton alibomoa kwa mikono yake ukuta aliokwisha kuumaliza. Kila Jumatatu kulikuwa na baraza, na ubao wenye majina ya wazembe kwa chaki nyekundu. Anton alisimama barazani akasema udongo haujakauka, ukipakiwa kozi sita kwa siku ukuta hauwezi kubeba kenchi za paa. Aliomba wiki mbili, na siku tatu za kulala.

"Akajibiwa nini?"

"Akaitwa kupe. Mnyonyaji wa jasho la wakulima. Akaambiwa ghala likichelewa ni yeye, na likianguka ni yeye vile vile, mhujumu, atajibu. Fundi wa watu, mbele ya wale aliowafundisha kushika mwiko! Jumatatu iliyofuata tena. Na iliyofuata. Jina lake halikufutwa ubaoni, walikuwa wanaliandikia juu yake. Mwishoni hakuwa anakula. Nilimwambia, 'Baba, kula.' Aliniambia, 'Mama, ukuta huu utaua watu na mimi ndiye nitakayeitwa.'"

"Ulimweleza nani?"

"Nikamweleze nani, mwanangu? Anayesikiliza ni yule yule aliyeandika ubao."

* * *

Luhende alikuwa amefungiwa stoo ya saruji, mikono mbele, kamba ya katani vifundoni. Vumbi la saruji lilikuwa limempaka mpaka nyusi. Soud aliagiza afunguliwe kamba, akamkalisha juu ya mfuko, naye akakaa juu ya mwingine. Lugembe alibaki mlangoni. Luhende, kijana wa miaka thelathini hivi, alijua vizuri kwamba mwisho wa safari aliyoanzishiwa ni kitanzi. Aliyatazama mabega ya polisi kwanza, uso baadaye.

"Luhende, ulisema utamzika?"

"Nilisema, Afande."

"Kwa nini?"

"Mtani si ndiye anayezika? Yeye naye aliniambia atanizika mara mia. Angekufa Mgogo huyu kwa uzee ningeingia kaburini mimi kabla yake, nijilaze, niwaambie watu pananitosha, yeye kamtupeni porini. Ndiyo kazi yangu. Jana wamemzika mimi nimefungwa humu. Nilisikia wanapita. Hakuna aliyetania hata neno. Wamemzika kama mtu asiye na kwao."

"Alhamisi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilichanganya udongo, nikajaza karai, nikafika kwenye ngazi. Nikaona maji yanadondoka kutoka juu. Nikapiga kelele, 'Mgogo, unakojoa ukutani?' Hakujibu."

"Maji gani?"

"Alikuwa anaosha mwiko."

Lugembe aligeuka mlangoni. Soud hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Fundi anaosha mwiko saa ngapi?"

"Jioni. Kazi ikiisha."

"Ile ilikuwa saa ngapi?"

"Ndiyo kwanza tunaanza kujenga; alfajiri ni kusomba maji na mchanga." Luhende alijipangusa saruji mdomoni. "Nikamwambia, 'Leo umestaafu?' Akasema, 'Ndiyo, mtani. Nimechoka. Nimemaliza.' Nikacheka, Afande. Nikamwambia Mgogo hachoki, anachoka ng'ombe wake. Nikainama kushika karai. Nikasikia kishindo."

Nje, kipande cha reli kiligongwa, na sauti za watu wanaorudi kazini zikaanza.

"Kwa nini hukumweleza msimamizi habari hizi?"

"Nilimweleza. Alisema timazi imekutwa kwenye mkoba wangu, hayo mengine ni hadithi." Alijipangusa uso kwa mkono wenye vumbi, akazidi kujichafua. "Halafu nikafikiri, pengine ana haki. Mtu ameniambia kwa kinywa chake, mara tatu. Jumanne alisema 'kaa nayo'. Jumatano aliniambia, 'Ukinizika unizike mapema nipate kulala.' Alhamisi amesema amemaliza. Angemwambia mtu mwingine yeyote, asiye mtani, mtu yule angeshtuka. Mimi kila neno nilicheka. Andika na hilo, Afande."

"Kucheka si kosa la jinai."

"Andika."

Soud aliandika. Ilimchoma. Alitoa leso akapenga pua, akasingizia saruji. Kisha alimpa Luhende wino aweke kidole gumba.

* * *

Ofisini, Dionis aliisoma taarifa hiyo akiwa amesimama. Alipofika mwisho alipiga funda la dawa, akaweka karatasi mezani kwa uangalifu.

"Kwa hiyo Luhende hana hatia."

"Hana. Karai lilikuwa limejaa, timazi ilichukuliwa siku mbili kabla mbele ya kambi nzima, na viatu na mwiko haviwezi kupangwa na mtu anayesukumwa. Nitakupa mashahidi ishirini wa Jumanne, kama utawaruhusu kusema."

"Basi andika kajiua. Ni udhaifu wake mwenyewe. Padri amekwisha mzika kama mtu aliyeuawa, hilo ni lake na padri."

"Padri hakukosea sana."

Dionis alinyanyua uso. "Unanituhumu mimi?"

"Ningekuwa na kifungu cha sheria ningekutuhumu."

"Unafikiri ni mimi?" Alivuta saraka, akatoa barua, moja, ya pili, ya tano, akazitandaza mezani. "Soma! Soma nilivyoitwa mimi. Kizuizi cha maendeleo. Nitachunguzwa. Nitahamishwa. Nani aliniuliza kama nimelala? Nilipokea sita, nikampa sita. Nimepokea matusi, nikayafikisha."

Soud alizisoma zote. Kila barua ilikuwa na sahihi, na kila sahihi ilitaja barua ya juu yake. Angeweza kuzifuata ofisi kwa ofisi hadi mwisho wa reli asikute mtu hata mmoja aliyemgusa Anton kwa kidole. Kanuni ya Adhabu aliijua vizuri. Iliwajua wanaosukuma kwa mikono, wanaotia sumu, wanaochoma visu. Haikumjua mtu anayeandika jina ubaoni kila Jumatatu.

"Kozi nane za juu zibomolewe," alisema mwishowe. "Hazifai kupakiwa kenchi. Hilo nitaliandika."

"Andika. Litasomwa baada ya Saba Saba."

Dionis alizikusanya barua zake, akazirudisha katika mpangilio wake. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, alisema: "Kama Luhende hana hatia, yuko huru sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Vizuri." Alichungulia dirishani, akampigia mluzi mgambo. "Mtoe Luhende! Mpeni uji, apande jukwaani. Amekaa na Mgogo miaka miwili, kujenga anajua. Kuanzia leo yeye ndiye fundi."

Soud alisimama. "Ndugu Dionis. Mtu huyu ametoka kufungwa siku mbili. Mwenzake amefia mbele yake."

"Fundi mwingine sina, Inspekta. Unaye wewe?"

Hakuwa naye. Alitoka nje karibu mbio. Luhende alikuwa tayari chini ya ngazi, kichwa cheupe kwa saruji, anavuta kamba za jukwaa moja moja kuona kama zinashika. Alipomwona inspekta alisimama wima, kwa heshima, kama mtu aliyeokolewa.

"Asante, Afande. Mungu akulipe."

"Luhende, sikiliza. Si lazima upande leo. Nenda kwenu. Nitakuandikia karatasi."

"Nikienda jina langu litaandikwa."

"Basi ukichoka useme. Usinyamaze. Umenisikia? Ukichoka, mwambie mtu."

Luhende aliweka mguu kwenye ngazi, akatazama kambi yote kutoka jikoni mpaka ofisini, kama anayemtafuta mtu huyo kweli.

"Nimwambie nani, Afande?" aliuliza. Kisha akapanda.